Watoto wa Jumba la Kifahari

Nilipojaliwa kufika Florence, Italia, pamoja na akina mama wenzangu wa kanisani, tulipanga foleni ndefu kuingia jumba la picha la Uffizi. Miguu ilikuwa ikiniuma, lakini niliposimama mbele ya picha ya mtoto mmoja wa kike nilisahau uchovu wote.

Jina lake ni Bia. Baba yake, Cosimo wa Kwanza wa ukoo wa Medici, ndiye aliyeutawala mji huo. Mchoraji Bronzino alimchora mnamo mwaka 1542 akiwa na gauni la hariri nyeupe, hereni za lulu, na mkufu wenye sura ya baba yake. Ameketi wima kama mtu mzima. Mwaka huohuo homa ilimchukua, umri wake miaka mitano hivi.

Katika jumba hilohilo yumo Giovanni, mdogo wake kwa baba, aliyechorwa mwaka 1545. Huyu amenona, anacheka, vimeno vinaonekana, na mkononi ameshika ndege mdogo. Sote tulicheka naye. Lakini mwaka 1562, akiwa na miaka 19, Giovanni alikufa kwa malaria. Haukupita mwezi, mdogo wake Garzia na mama yao Eleonora nao wakafariki. Eleonora alikuwa amezaa watoto 11.

Mimi ni muuguzi, na nikimwona mtoto macho yangu hutafuta miguu. Ya Bia haionekani pichani. Lakini mwaka 2004 wataalamu walifukua makaburi ya watoto wadogo wa ukoo huo katika kanisa la San Lorenzo, mjini humohumo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kwamba kati ya watoto tisa, sita walikuwa na dalili za matege. Watoto wa matajiri, jamani! Wataalamu walieleza kuwa watoto hao walinyonya muda mrefu, wakafungwa nguo nyingi na kukaa ndani ya majumba makubwa, jua hawalioni. Maziwa ya mama ni chakula bora kabisa, lakini vitamini D iliyomo ni kidogo. Mwili huitengeneza ngozi inapopata jua.

Niliona haya, maana nami nilifanya vivyo hivyo. Kifungua mimba wangu nilimvika sweta, kofia na soksi, nikamfungia ndani asipate baridi wala jicho baya la watu. Nilikuwa na diploma yangu ukutani! Jirani yangu, bibi mmoja asiyejua kusoma, ndiye aliyeniuliza, "Mama, huyu mtoto anaota jua lini?" Miguu yake ilikuwa imeanza kupinda. Tulimwahi, akatibiwa, leo ni kijana anayecheza mpira.

Mama mwenzangu, sote twapenda mtoto wetu apendeze, na Bia alipendeza kweli. Lakini ukishamwogesha mwanao asubuhi, mtoe nje kidogo kabla jua halijawa kali, mikono na miguu iwe wazi. Akifikisha miezi sita, mwongezee chakula huku ukiendelea kumnyonyesha. Ukiona miguu inapinda au amechelewa kusimama, usingoje; mpeleke kliniki.