Bundi wa Sokoke na Majirani Zake

Msafiri atokaye Kilifi kwenda Malindi huuona msitu wa Arabuko-Sokoke upande wake wa kushoto, akadhani ni msitu wa namna moja. Sisi tulioingia kwa miguu baada ya Swala ya Alfajiri, pamoja na watoto na kiongozi mwenyeji, tulikuta ni misitu mitatu iliyopakana katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 420, na kila mmoja una ndege wake.

Mashariki kuna msitu mchanganyiko wenye mibambakofi. Katikati, penye mchanga mweupe, imesimama miti ya mrihi, na vileleni hupita makundi ya mnana wa Clarke, ndege asiyepatikana popote duniani ila Kilifi. Hadi mwaka 2013 wataalamu hawakujua anakozalia. Ndipo viota vyake vilipoonekana katika kinamasi cha Dakatcha, ng'ambo ya mto Sabaki.

Magharibi udongo ni mwekundu na miti imesongamana. Hapo kiongozi alitunyamazisha, akanyoosha kidole. Bundi wawili wa Sokoke, kila mmoja hazidi shibiri, walikuwa wamelala ubavu kwa ubavu, rangi yao kama majani makavu. Nje ya pwani hii, bundi hao hujulikana tu chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania.

Mtoto mmoja alirudi nyuma, kwani alisikia kuwa bundi huleta mauti. Tulimkumbusha kuwa Mtume (S.A.W.) aliikanusha itikadi ya mkosi wa ndege. Aliye hatarini ni bundi mwenyewe: kila muhugu ukatwao kwa ajili ya vinyago humpunguzia makazi, na mirihi ya jirani haimfai.

Alasiri tulishuka hori ya Mida. Maji yalipokupwa, walitua ndege weupe wenye migongo myeusi na midomo minene ya kuvunjia kaa. Hao huzalia mashimoni, katika mchanga wa pwani za Uarabuni, kisha huja kwetu. Ada ya wageni wapitao daraja la mbao, katikati ya mikoko, husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vya jirani.

Familia itakayokwenda ichukue darubini, ivae nguo zisizong'aa, na ifike mapema. Kwa ndege wahamao, miezi mizuri ni Oktoba hadi Aprili. Na watoto wafundishwe kunyamaza, kwani bundi hulala mchana.