Karibu, Lakini Lini?

Sisi Wakenya tunajua kukaribisha watu. Mwenzetu kutoka Goma alipojitambulisha darasani, kila mtu alimpa karibu yake. Karibu Kenya. Karibu Nairobi. Siku moja lazima uje kwetu. Semesta mbili zikaisha na hiyo siku moja bado haijafika.

Si kwamba alichukiwa. Watu walimpenda, ila ni ule upendo wa kusalimiana nje ya darasa kisha kila mtu anashika njia yake. Akisema "minaenda" au "byakula", wasee wanaangua kicheko, utadhani hii Sheng yetu ndiyo Kiswahili sanifu. Mwishowe, kwenye kazi za kikundi akawa anaongea Kiingereza tu, lugha aliyojifunza baada ya Kifaransa. Lakini Kiswahili cha Goma hakijaharibika. Watu wa huko wanatongozana nacho, wanagombana nacho na kuzikana nacho.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, kwa hivyo kwenye karatasi sisi ni majirani. Wikendi ndiyo husema ukweli. Ijumaa jioni tunapanda matatu, huyu Thika, yule Rongai, na Jumatatu tunarudi na chapo za nyumbani. Yeye anabaki hosteli na wenzake kutoka Juba, Mogadishu na Bujumbura. Halafu tunaulizana mbona hawa watu wa nje hawajichanganyi. Wajichanganye na nani, na sisi tumeenda?

Mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma. Wiki hiyo grupu yetu ya WhatsApp ilikuwa inabishana kuhusu rangi ya tisheti za darasa. Yeye alikuwa anampigia mamake na simu haishiki. Siku ya nne ikashika. Wako hai. Lakini mpango wa kwenda nyumbani likizo ya Aprili ukafia hapo, na hosteli yetu hufungwa likizo.

Nilimpigia mamangu Nakuru kuuliza kama naweza kuja na mtu. Aliuliza mambo mawili: anakula nini, na mnafika lini.

Alikaa kwetu wiki tatu. Siku ya kwanza aliulizia bukari, mamangu akabaki ameduwaa mpaka alipoonyeshwa sufuria. "Kumbe ni ugali!" Kufikia wiki ya pili, mamangu ndiye alikuwa anaita kutoka jikoni, "Bukari iko tayari!" Hakuna aliyecheka. Tulikuwa na njaa.

Usiku mmoja, stima zikiwa zimepotea, aliniambia kwamba kinachomchosha Nairobi si kuchekwa. Ni kukaribishwa. Mtu akikukaribisha kila siku, alisema, ujue bado uko mlangoni.

Goma haikutulia kwa sababu ya ugali wetu. Bado anaamka usiku kuangalia simu. Lakini sasa akiamka kuna mtu wa kumtumia meseji saa nane, na huyo mtu anajua jina la mtaa wao na la dadake mdogo.

Kama kuna mtu wa nje darasani kwenu, karibu ameshapewa za kutosha. Mwambie ni Jumamosi hii, saa sita, ashukie steji gani, na kwamba utakuwa hapo unamngoja.