Fulana Zenye Picha ya Kompyuta ya Zamani

Mwaka jana vijana wa parokia yetu hapa Likasi walitujia na ombi la ajabu. Walitaka kuazima kompyuta kuukuu iliyolala ghalani nyuma ya ofisi, ile iliyokuwa nyeupe na sasa imepata rangi ya meno ya mvuta tumbako, ili waichore na kuichapa juu ya fulana. Tuliwauliza, "Kwa nini mashine hii iliyokufa?" Mmoja akajibu, "Mwalimu, hii ina sura. Simu za leo hazina sura." Tulicheka pamoja nao, lakini moyoni hatukufurahi.

Sababu ni hii. Mwaka 2006, tulipokuwa tungali tukisoma seminari ndogo, Padri alituruhusu kuitumia mashine hiyo wakati wa likizo, alasiri, umeme ukiwapo. Marehemu baba yetu alikaa kando kwenye kiti cha kukunja, akatusimulia maisha yake: mji ulipokuwa ukiitwa Jadotville, king'ora cha alfajiri, kazi ya viwanda vya shaba vya Shituru, asidi iliyokula suruali hata mama akachoka kuzitia viraka. Sisi tulipiga chapa kwa vidole viwili. Maneno yake tuliyaweka katika disketi tatu. Hatukutoa hata ukurasa mmoja juu ya karatasi, kwa maana utepe wa mashine ya kuchapa ulikuwa umekwisha, nasi tukasema tutanunua mwingine. Baba alifariki mwaka 2009. Tulipozitia disketi zile, mashine ilikwaruza kama kuku achakuraye, kisha ikatuandikia kwa Kifaransa kwamba haiwezi kusoma. Zote tatu. Unyevu na ukungu wa masika vilikuwa vimezila.

Basi, ndiyo mashine waliyotaka kuitia katika fulana. Tuliwapa, ila kwa shingo upande.

Kazi yenyewe yapendeza kuitazama. Hufanya fremu ya mbao, wakawamba juu yake kitambaa chembamba chenye matundu kama wavu. Kitambaa hupakwa dawa inayokauka na kuwa ngumu ikipigwa na mwanga. Kwa hiyo huipaka gizani, dirisha limezibwa kwa kikwembe. Picha iliyochorwa kwa wino mweusi juu ya plastiki angavu huwekwa juu yake, kisha fremu hutolewa juani. Palipo na wino mweusi, mwanga haupiti, na dawa huoshwa kwa maji. Hapo matundu hubaki wazi. Rangi husukumwa kwa kipande cha mpira, ikapenya matunduni tu na kushika nguo. Kila rangi yadai fremu yake. Wazee waliochapa nyimbo na katekisimu kwa mashine ya stensili wangeielewa kazi hii mara moja, maana njia ni ile ile: wino hupita palipotobolewa.

Walipoifungua kompyuta wapate kuchora matumbo yake, walikuta waya za shaba. Mmoja wao, ambaye babu yake pia alifanya kazi Shituru, alizishika muda mrefu asiseme neno. Nasi tulikumbuka jambo tulilolisoma zamani: katika disketi ndogo zile za inchi 3.5, zenye uwezo wa megabaiti 1.44, unga wa chuma unaoshika maandishi ulichanganywa na kobalti. Shaba na kobalti! Hatujui kama ilitoka kwetu, lakini ni madini yale yale ambayo baba aliyavutia pumzi, na maneno yake yaliwekwa juu yake.

Huko Marekani disketi nyingine zilipata bahati kuliko zetu. Andy Warhol, mchoraji aliyepata sifa kwa picha za kuchapa kwa wavu tangu mwaka 1962, alichora mwaka 1985 kwa kompyuta iitwayo Amiga. Picha zile zilikaa katika disketi zake miaka mingi baada ya kufa kwake mwaka 1987, hata mwaka 2014 ikatangazwa kwamba wanafunzi na mafundi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wamezitoa. Tulipowasimulia vijana habari hiyo, walitushauri tuzipeleke zetu Pittsburgh. Nauli ya disketi tatu!

Wala kuchora kilichopita si jambo geni Katanga. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora miaka ya 1973 na 1974 historia nzima ya nchi, picha zaidi ya 100. Watu walizitundika picha za namna hiyo ukutani sebuleni na kuziita ukumbusho, kwa maana mgeni akiitazama picha, mwenye nyumba huanza kusimulia. Na Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1978, katika kazi yake iitwayo Mémoire aliwaweka wafanyakazi wa picha za kale, weusi na weupe, mbele ya magofu ya viwanda yenye rangi za leo. Hao walijua walichokikumbuka. Vijana wetu, twasema kweli, wanaitamani mashine kwa kuwa hawakuitumia. Wangaliitumia, wangalijua jinsi ilivyozima katikati ya sentensi na kuipeleka saa nzima ya kazi.

Hata hivyo fulana zilitoka nzuri. Kompyuta imekaa kifuani, ya manjano na nyeusi, imechorwa kwa viraba vidogo vidogo kama herufi za kioo chake cha zamani, na disketi tatu chini yake. Tatu: hatukuwaagiza.

Moja tulimpa mama yetu. Aliigeuza mbele na nyuma, akauliza, "Hii ndiyo ile iliyommeza baba yako?" Tukajibu ndiyo. Akaivaa juu ya kikwembe chake, akaenda nayo sokoni. Jioni aliporudi alikaa akavua viatu, akatuambia, "Mwanangu, lete daftari. Mimi niliishi naye miaka ile yote." Tukaleta. Alianza na zile suruali.