Daktari, Zungumza na Mtoto Mwenyewe

Ukimpeleka mtoto hospitalini na daktari akazungumza nawe tangu mwanzo hadi mwisho, utaona ni jambo la kawaida. Mzazi ndiye ajuaye kikohozi kilianza lini. Lakini mtoto aliyezaliwa na virusi vya ukimwi atakwenda kliniki maisha yake yote, na iko siku atakwenda peke yake. Ikiwa hakuna aliyemzoeza kuzungumza akiwa mdogo, siku hiyo atasema nini?

Nayasema haya kwa sababu ninamlea binti wa marehemu kaka yangu. Alipokuwa na umri wa miaka 9 tulikwenda kliniki moja katikati ya jiji. Mhudumu hakumuuliza hata jina. Aliniuliza mimi, "Huyu anakunywa dawa ama anatupa?" Mtoto alikuwa amesimama papo hapo, kanishika mkono. Tulipopanda matatu ya Kangemi alinyamaza mpaka Westlands, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, nimekosa nini?"

Sidhani mhudumu yule alikuwa na roho mbaya. Foleni ilikuwa ndefu, na huenda masomo yake yote yalihusu watu wazima. Kumtibu mtoto ni elimu ya pekee. Kipimo cha dawa yake hufuata uzito, kwa hivyo ni lazima apimwe kila ziara. Asipopimwa, ataendelea kunywa dawa ya mtoto aliyekuwa mwaka jana.

Hapa Nairobi elimu hii ilianza kwa machozi. Mwaka 1992 Padre Angelo D'Agostino, Mjesuiti na daktari kutoka Marekani, alianzisha makao ya Nyumbani, yaliyoko Karen, kwa ajili ya watoto wenye virusi walioachwa na jamaa zao. Miaka ile dawa za kudhibiti virusi zilikuwa mbali na watoto wetu, na walezi walizika wengi. Mwaka 1998 Nyumbani ilianzisha mradi wa Lea Toto, ukianzia Kangemi, ili mtoto atunzwe akiwa kwao. Padre alifariki mwaka 2006, akiwa amewaona watoto waliotarajiwa kufa wakianza kukua.

Dawa zenyewe zimebadilika. Zamani watoto wengi walipewa dawa ya maji iliyo chungu mno, na wengine waliitapika. Mwaka 2021 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea dolutegravir ya watoto, kidonge kinachoyeyuka katika maji na chenye ladha ya stroberi. Akifika kilo 20, mtoto huweza kumeza kidonge cha watu wazima. Kilichobaki ni maneno, na hayo hayaletwi na meli. Sharti wahudumu wafundishwe.

Wazazi wengi humwambia mtoto kwamba hiyo ni dawa ya kifua. Kifua kikipona, mtoto naye huuliza mbona dawa haiishi. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule aambiwe hali yake, na aliye mdogo aelezwe kidogo kidogo kadiri ya akili yake. Mhudumu aliyefunzwa hulijua hilo, na humsaidia mzazi kupata maneno.

Baadaye tulihamia kliniki iliyo karibu na kwetu, ambako muuguzi alikuwa amepata mafunzo hayo. Alivuta kiti kifupi, wakawa wanatazamana sawasawa. Akamuuliza jina, darasa, na mchezo anaoupenda. Kisha akamchorea askari wanaoulinda mwili, na mdudu aliyelazwa usingizi na dawa. Dawa ikikosekana, mdudu huamka. Mtoto akauliza, "Aliniingia vipi?" Muuguzi akajibu, "Ulizaliwa naye. Hukukosa lolote."

Jina la ugonjwa alilisikia akiwa na miaka 11, sote watatu tumeketi, siku tuliyokuwa tumeipanga pamoja. Alilia. Wiki iliyofuata alijiwekea saa ya kumkumbusha dawa, bila kuambiwa na mtu.

Basi, ewe mzazi, unapoingia kliniki usione haya kusema, "Daktari, tafadhali muulize mwenyewe." Uliza kama kuna mhudumu aliyefunzwa kuwahudumia watoto, na siku anazokuwapo. Nawe mwanafunzi unayesomea uuguzi au udaktari, usingoje kuajiriwa ndipo ujifunze kuketi chini na mtoto. Mwambie jina lako kwanza, ndipo umuulize lake. Ukishamuuliza, nyamaza umsikilize, hata kama nje foleni imefika langoni.