Kati ya Kwangu na Kwetu

Kiswahili kina neno moja kwa fedha anayodai mwenye nyumba na ile inayodai serikali: kodi. Ya kwanza hufuata mahali unapolala. Ya pili, kwa wengi wetu, hufuata mahali unapochuma. Mimi naishi Muleba na nafanya kazi Bukoba mjini. Kila siku ya kazi gari hunipitisha Muhutwe na Kemondo, nikivuka mpaka wa wilaya asubuhi na jioni, wala mshahara wangu hauujui mpaka huo. Kodi ya mapato ni ya nchi nzima: mwajiri huikata kwa utaratibu wa Lipa Kadiri Unavyopata, akaipeleka Mamlaka ya Mapato, yakaisha.

Kwa mdogo wangu mambo si mepesi hivyo. Yeye ameajiriwa Kampala. Baada ya matanga ya baba, wazee wa ukoo walimgawia sehemu ya kibanja chetu: nyumba, migomba, na makaburi ya waliotutangulia. Akaniuliza, “Kaka, kwa mambo ya kodi, mimi ni mkaazi wa wapi?”

Katika usemi wa kila siku, mkaazi ni mtu akaaye mahali. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ina hesabu yake. Aliyekuwapo nchini siku 183 au zaidi katika mwaka wa mapato ni mkaazi. Hata asiyefikisha idadi hiyo, akiwa na makazi ya kudumu Tanzania na akawapo nchini sehemu yoyote ya mwaka huo, naye ni mkaazi. Uganda nayo huhesabu siku 183 na kutazama makazi ya kudumu. Hivyo mtu mmoja aweza kuwa mkaazi wa nchi mbili kwa mwaka mmoja. Na mkaazi wa Tanzania hudaiwa kodi hata kwa pato alilolichuma ng’ambo.

Mdogo wangu huja Muleba kila Desemba. Je, kibanja kile ni makazi yake ya kudumu? Nilisikiliza maneno yake mwenyewe. Nyumba aliyopanga Kampala huiita “kwangu”; Muleba huita “kwetu”. Kwangu ni kwa mtu mmoja; kwetu ni kwa ukoo, walio hai na waliozikwa. Kabla ya mgawo ule angeweza kusema kwamba Muleba ni kwao, basi. Wazee walipomkabidhi nyumba, kwetu kukawa kwangu pia, na neno likapata bei.

Alifikiri kukataa urithi. Shangazi akamwambia, “Mwanangu, asiye na kibanja huzikwa kama mgeni.”

Sheria imeacha mlango wa nafuu: kodi iliyolipwa ng’ambo kwa pato lilelile yaweza kupunguzwa katika kodi ya hapa, mradi mlipaji awe na ushahidi. Basi alikipokea kibanja. Siku hizi, avukapo Mutukula kuja nyumbani, begi lake lina bahasha ya hati za mshahara na makato ya mwaka mzima, kwa ajili ya ritani.

Sisi watunzi huchagua “kwangu” au “kwetu” kwa kufuata mizani na vina. Yeye, ajazapo fomu, huulizwa ni lipi kati ya hayo mawili, na jibu lake huwekwa saini.