Jua la Saa Sita Usiku

Ndugu msomaji, usinicheke. Mwenzenu nimewahi kuziba pancha saa sita na nusu usiku, bila tochi wala kibatari, huku jua likinipiga usoni mpaka nikaligeuzia mgongo. Ilikuwa Julai 2023, kaskazini kabisa ya Norwei, pwani ya rasi ya Varanger. Kule jua likishakaa angani katikati ya Mei halizami tena mpaka Julai iko mbioni kwisha. Linashuka, linaisogelea bahari kama mtu anayejaribu maji kwa kidole, halafu linaghairi na kupanda tena.

Nilifikaje huko? Bahati tu. Nilimaliza kidato cha nne Kasulu mwaka 2016 kwa alama ambazo si lazima uzijue, nikakaa mtaani miaka kadhaa nikiandika riwaya ambayo kila mwezi ilikuwa inaanza upya. Ndipo mpango mmoja wa kubadilishana vijana ukanichukua nikajitolee mwaka mzima Vadsø, mji mdogo wa bandari. Mwaka ulipokaribia kwisha nikaona aibu kurudi nyumbani na daftari tupu. Nilitaka safari ya kishujaa: mtu mmoja, baisikeli moja, baridi, na dubu mweupe. Dubu nilimkosa mapema, maana wale wako Svalbard, visiwa vya mbali huko baharini, bara hawapo. Na habari ya mtu mmoja nayo ikafa, kwa sababu sikuwa na baisikeli.

Mwenye baisikeli alikuwa rafiki yangu Mkongo. Wazazi wake ni watu wa Uvira, lakini yeye alizaliwa Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996 huko huko wilayani kwetu Kasulu. Mwaka 2013, akiwa na miaka kumi na mitatu, familia ikahamishiwa Norwei. Yaani tumekulia wilaya moja, mimi mjini yeye kambini, hatukuonana hata siku moja, tukaja kujuana mahali ambapo hata mti hauoti. Anafanya kazi ya kutunza wazee. Jina lake ameniomba nisiliandike.

Baisikeli yeye anaiita kinga. Sisi Waha tunasema ikinga, kwa hiyo hapo tulielewana tangu siku ya kwanza. Alikuwa nazo mbili, za matairi mapana.

Kama umezoea karia na kamba ya mpira, hii ni elimu nyingine. Mizigo hufungwa kwenye mifuko mirefu isiyopitisha maji: mmoja mbele kwenye usukani, mwingine umebanwa katikati ya fremu, wa tatu unaning'inia nyuma chini ya kiti kama mkia wa kondoo. Ndani mlikuwa na hema, mifuko ya kulalia, jiko dogo la gesi, viraka, mnyororo wa akiba, unga wa mahindi kilo mbili, na dagaa wa Kigoma ambao mama alinitumia kwa mkono wa mtu. Dagaa wale walinukisha nguo zangu zote. Sijutii.

Njia yetu ilitoka Vadsø kufuata bahari kuelekea Vardø, mji wa mashariki kabisa katika Norwei. Hiyo ni kama kilomita 75. Vardø iko kisiwani, na tangu mwaka 1982 unaingia kwa handaki linalopita chini ya bahari, urefu karibu kilomita tatu. Sisi hatukuingia. Kabla ya handaki tulikata kushoto, tukashika barabara nyembamba ya kilomita kama 40 inayokwenda kufia Hamningberg. Majira ya baridi barabara hiyo hufungwa kwa theluji. Wakati wa kiangazi inafunguliwa, na unajionea mwenyewe kwa nini hakuna aliyejenga mji hapo.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kujidanganya. Jua, bahari ya buluu, paa wakubwa wa kaskazini wenye mapembe kama matawi wamesimama katikati ya lami wanatutazama kama wenye nyumba wanavyomtazama mgeni. Karibu na Ekkerøy, ambako ndege wa baharini hutaga kwa maelfu kwenye ukuta wa mwamba, tulishambuliwa. Si na wale wa mwambani, bali na shakwe wadogo wenye mikia ya uma, wanaotaga chini kwenye kokoto. Ndege hawa kila mwaka husafiri mpaka Antaktika na kurudi, na nadhani safari ndiyo inayowapa kiburi. Mmoja alinidonoa utosini kupitia kofia. Mwenzangu akainua pampu juu ya kichwa chake, maana hushambulia kilicho juu zaidi, akapita salama akicheka. Mimi nilikimbia nikiwa nimejifunika mikono, baisikeli ikaenda peke yake mtaroni.

Nilianza kuona jambo hilo siku hiyo hiyo, ila sikulijali. Kila gari lilipotokea nyuma yetu, mwenzangu alishuka. Mimi nasogea pembeni naendelea kukanyaga pedeli, yeye anashuka, anasimama kando ya baisikeli yake wima, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine unapapasa mfuko wa kifuani. Gari likishapita, anapanda. Nikadhani ni adabu ya kule.

Usiku ule, kama usiku ni neno lake, tulitafuta pa kulala. Kwa sheria yao ya mwaka 1957 mtu yeyote anaruhusiwa kutembea na kuweka hema porini, awe mwenyeji awe mgeni, ilimradi akae angalau mita 150 kutoka nyumba ya mtu na asikae zaidi ya siku mbili bila ruhusa pale palipo karibu na watu. Hakuna kulipa. Hakuna kuandikisha jina. Palikuwa na kibanda kimoja cha wavuvi, kimefungwa. Mwenzangu akasimama ukutani pake, akaanza kuhesabu hatua kwa sauti. Alipofika 150 nikatua mzigo. Akaniambia, "Hapana, ngoja." Akaongeza hamsini.

"Si umeshafikisha?" nikamwuliza.

"Nimefikisha. Lakini hatua yangu inaweza kuwa fupi."

Tulikoka moto wa magogo. Mti hakuna, lakini magogo yamejaa ufukweni, yametolewa na mito ya Urusi, yakaelea mpaka pale, meupe kama mifupa. Tukasonga ugali. Jua likawa linatembea juu ya maji, rangi ya chungwa, na mimi daftari magotini, naandika maneno makubwa makubwa kuhusu uhuru. Nikamsomea aya moja. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia habari ya kinga ya baba yake.

Naieleza kwa ufupi, kama alivyoieleza. Wakimbizi hawakuruhusiwa kutoka nje ya kambi bila kibali. Baba yake alikuwa na baisikeli nyeusi, Phoenix, ameinunua kwa kuuza mgao wake wa unga na mafuta kidogo kidogo. Alikuwa akitoka nayo alfajiri kwenda vijijini kulima vibarua. Siku moja mwaka 2012 alimpakia mwanawe mbele kwenye bomba. Njiani wakakutana na mtu mwenye sare. Kibali? Hakuna. Baba akaambiwa arudi kwa miguu, na kinga ibaki. "Baba hakubishana," akasema. "Alishuka, akaishika vizuri, akampatia kama mutu anampatia mutoto. Tukatembea. Njiani hakuongea hata neno. Miye nililia kwa sababu ya miguu, siye kwa sababu ya kinga."

Akanyamaza, akachochea moto. "Hapa naijua sheria yote," akaendelea. "Pasipoti iko humu. Lakini nikisikia gari, miguu inashuka yenyewe."

Sasa sikiliza, ndugu msomaji, kwa sababu hapa ndipo nilipotaka kuruka nilipokuwa naandika mara ya kwanza.

Januari 2013 nilianza kidato cha kwanza. Shule ilikuwa mbali na nyumbani, na baba yangu akaniletea baisikeli. Nyeusi, Phoenix, iliyotumika lakini nzima. Aliipata kwa mtu mmoja sokoni kwa bei ya kutupa. Mama aliuliza mbona rahisi hivyo. Baba akajibu, "Ni za wakimbizi hizo." Basi. Lilisemwa kama mtu anavyosema haya maembe ni ya Kigoma. Hakuna aliyeuliza swali la pili, na mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kuipanda. Ilinifikisha shule miaka minne. Vitabu vyote nilivyosoma, hata wazo lenyewe la kuwa mwandishi, nilivibeba kwenye karia yake.

Najua Phoenix nyeusi zilikuwa nyingi Kasulu nzima. Sisemi ilikuwa ile. Nasema tu kwamba ilikuwa ya mtu.

Usiku ule sikumwambia. Nilifunga daftari, nikasema "Pole sana, kaka," nikaingia kwenye hema. Na kwa kuwa giza halikuja kunificha, nililala nimejifunika uso.

Siku ya pili mchana hali ya hewa iligeuka. Ukungu uliingia kutoka baharini kama moshi wa kuni mbichi, na upepo wa kaskazini nyuma yake. Huko Vardø wastani wa Julai, mwezi ambao wao wanauita wa joto, ni karibu nyuzi 10 tu, na ukilowa upepo unazipunguza zaidi. Baada ya Persfjorden miamba inasimama wima kama meno ya msumeno, kijani hakuna, mabaka ya theluji bado yamelala mabondeni. Ile pancha niliyoitaja mwanzo niliipata hapo, tukiwa tumeamua kwenda usiku kucha ukungu ulipofunguka ghafla. Lakini kabla ya hapo, katika ukungu, mikono yangu ilikufa. Nilishindwa kukaza breki kwenye mteremko nikaburuza viatu. Sikusema. Nilikuwa nimeazimia kuwa shujaa, na tena ningewezaje kumwomba kitu yule mtu? Alitazama nyuma akaniona vidole vimekuwa vyeupe. Akavua glavu zake, akanivalisha moja moja, kama wazee anaowatunza. Yeye akavaa soksi mikononi. Aliendesha kilomita nyingi na soksi mikononi, na mimi nyuma yake nimevaa glavu zake, nawaza Phoenix.

Tukafika Hamningberg karibu saa tisa usiku, jua kali. Ni nyumba za mbao za zamani ufukweni, na nje yake Bahari ya Barents, basi. Kijiji hiki kina historia ya kushangaza. Mwaka 1944 majeshi ya Ujerumani, yakirudi nyuma mbele ya Warusi, yaliteketeza sehemu kubwa ya mkoa wa Finnmark na kuwahamisha kwa nguvu watu wapatao elfu hamsini. Wengine walijificha mapangoni na kwenye vibanda vya udongo. Hamningberg ilinusurika moto ule kuliko vijiji vingi. Halafu, miaka ishirini baadaye, watu wake wakahama wenyewe, kwa sababu hapakuwa na bandari nzuri ya kuwafaa. Sasa wenye nyumba huja kiangazi tu.

Mwenzangu alikuwa anaijua habari hiyo. Wazee anaowatunza wengine walikuwa watoto mwaka ule. Kuna bibi mmoja, akaniambia, hata leo halali bila viatu kando ya kitanda. "Naye nilimuelezea ya kambi. Akaelewa haraka kuliko mwalimu wangu."

Tulipika ugali wa mwisho na dagaa waliobaki. Nikamwambia. Sikupamba. Nilisema mwaka, nikasema bei, nikasema alichojibu baba. Sauti yangu ilikuwa ndogo, nikafikiri labda mawimbi yameimeza.

Akatafuna kwa muda mrefu.

"Ilikuwa na kengele?" akauliza.

"Ilikuwa nayo."

"Ya baba haikuwa na kengele." Akatafuna tena. "Lakini mutu anaweza kuweka kengele."

"Anaweza," nikasema.

"Uliitunza?"

"Niliisafisha kila Jumamosi. Mafuta kwenye mnyororo."

Akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kitu kingine, akachukua sufuria akaenda kuisugua kwa mchanga. Hakurudi upesi. Nilimwona amechuchumaa pale majini, sufuria imeshatakata zamani, bado anasugua. Aliporudi aliniuliza kama gurudumu langu bado linavuja, akalijaza upepo mwenyewe, akaingia kulala.

Asubuhi tulianza kurudi. Hatukuzungumza sana, ila tuligawana biskuti kama kawaida, na alinikaripia kwa kubadilisha gia vibaya. Baada ya saa moja hivi tukasikia gari nyuma. Mwenzangu akashuka, akasimama wima kando ya baisikeli yake, mkono kifuani.

Nami nikashuka. Nikasimama kando yake.

Lilikuwa gari la watalii, kama nyumba ndogo yenye magurudumu. Mzee aliyekuwa anaendesha akapunguza mwendo, akatupungia mkono, nasi tukampungia. Vumbi hakuna kule. Tukamngoja apotee nyuma ya miamba, tukapanda, bado kilomita kama mia moja.