Mathe Akifika 60, Mlango Unafungwa

Swali ambalo naulizwa sana siku hizi na watu wa rika langu ni hili: "Mzazi wangu anastaafu, SHA siielewi, nimchukulie bima ya kampuni gani?" Sawa, nitajibu. Lakini jibu langu halianzi na jina la kampuni, linaanza na kitambulisho cha huyo mzazi. Kichukue, soma mwaka wa kuzaliwa, halafu tuongee.

Bima nyingi za matibabu za kampuni hapa Kenya zina umri wa mwisho wa kuingia, na mara nyingi ni 60 ama 65. Nimesema kuingia, si kukaa. Mtu aliyeingia mapema anaweza kuendelea kulipia akiwa mzee kabisa, kulingana na masharti ya bima yake. Lakini yule anayebisha akiwa na 66 anaelekezwa kwa bima za wazee. Zipo, usidhani hazipo, ila bei iko juu, kiwango cha matibabu kiko chini, na lazima apimwe kwanza. Sasa ona hesabu ilivyo mbaya: mfanyakazi wa serikali anastaafu akiwa 60. Yaani mwaka ule bima ya mwajiri inaisha ndio mwaka ule mlango wa kampuni unaanza kufungwa. Na sisi kwa familia zetu huwa tunasema nini? "Akipata pesa zake za kustaafu tutaona."

Mathe yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Ana miaka 58 na presha ambayo ameishi nayo tangu nikiwa sekondari. Kwa hivyo hii stori kwangu si ya kupiga domo.

Tuanze na SHA, kwa sababu watu wanaongea kana kwamba ukinunua bima ya kampuni unaagana nayo. Huagani. Sheria ya 2023 inataka kila Mkenya awe amesajiliwa. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, mtu wa mshahara anakatwa asilimia 2.75. Kwa mshahara wa 50,000 hiyo ni 1,375 kila mwezi. Mzazi akistaafu, hakuna tena mwajiri wa kumkatia. Anaingia kwa kundi la wasio na mshahara: anajibu maswali kuhusu nyumba, maji, choo na kadhalika, mfumo unamkadiria, kisha anatakiwa alipe ya mwaka mzima mara moja. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka.

Na hapa ndio watu hushtuka: hiyo 1,375 yako haimfuniki mamako. Inakufunika wewe, mke au mume wako, na watoto wenu. Kwa macho ya SHA mzazi ni nyumba nyingine. Bima ya kampuni unayopewa kazini pia, mara nyingi, haimjui.

Mimi siipuuzi SHA hata kidogo, na wale wanaoitukana kutoka asubuhi hadi jioni wangeenda wakae kidogo kwa wodi ya figo. Kusafishwa damu kunalipiwa 10,650 kwa kila kipindi. Mgonjwa anaenda mara mbili kwa wiki. Kwa wiki nne hiyo ni 85,200. Bima nyingi za kampuni huweka magonjwa ya kudumu kwa kifungu chake chenye kikomo kidogo, na kikiisha kimeisha hadi mwaka ujao. Tena ukisoma masharti, nyingi huhesabu kwamba SHA italipa sehemu yake ya kitanda kwanza. Kama SHA ya mzazi imelala, hiyo sehemu inarudi kwako. So, mbadala ni neno la kukudanganya. Unanunua nyongeza.

Nyongeza ya nini, sasa? Ya kuchagua hospitali na kutomaliza akiba kwa wiki moja ya kulazwa. Hiyo tu. Ndio maana mimi ningenunua ya kulazwa peke yake na kuacha ile ya matibabu ya nje, ambayo ndiyo inapandisha bei sana kwa mtu mzima. Dawa za presha za kila mwezi tunaweza kujipangia. ICU hatuwezi.

Ajenti mmoja alikuja na karatasi zake zinang'aa. Nikamuuliza, "Presha imo?"

"Imo, boss wangu, usijali."

"Kutoka lini?"

Akageuza karatasi. Kutoka mwaka wa pili. Huo ndio muda wa kusubiri kwa magonjwa ambayo mtu alikuja nayo, na kwa mzazi karibu kila kitu ni kitu alichokuja nacho. Maanake ukimsajili akiwa 59 na nusu, atastaafu kabla presha yake haijaanza kufunikwa. Ukimsajili akiwa 58, huo mwaka unapita bado yuko kwa bima ya mwajiri. Hiyo miezi haiuzwi mahali popote.

Kuna njia nyingine ambayo haitangazwi sana: hazina ya matibabu baada ya kustaafu, ndani ya mpango wa pensheni. Unaweka pesa za ziada ukiwa kazini, ukistaafu zinakulipia matibabu. Tangu mwisho wa Desemba 2024, hadi 15,000 kwa mwezi ya mchango huo haitozwi kodi. Mathe amebakisha miaka miwili, haitamsaidia sana. Wewe wa 25 ndio nakuangalia. Hata 2,000 kwa mwezi kwa miaka kumi ni 240,000 kabla ya faida. Uliza mwajiri wako kama mpango wenu unayo. Wengi hawana, na hakuna mtu huwauliza.

Lakini kusema ukweli, kazi ngumu kwetu haikuwa karatasi. Ilikuwa grupu ya familia. Brathe yangu mkubwa anaamini mchango: mtu akiugua, tunachanga. Nilimwambia mchango huwa unakuja haraka kwa matanga kuliko kwa hospitali, na akanyamaza siku mbili. Mathe naye anaona tunamzeesha. "Msipoteze pesa, mimi ni mzima." Mwishowe tumegawana malipo ya mwaka kwa watoto watatu, kila mtu kulingana na mfuko wake, na SHA yake nitalipa mimi akistaafu.

Fomu imejazwa nusu. Alitaka tusiandike presha ili bei ishuke, nikakataa, kwa sababu kampuni ikigundua siku amelazwa inaweza kukataa kulipa bili yote. Sehemu ya dawa anajaza mwenyewe jioni hii, na nimemsihi aandike zote, hata ile ya mizizi anayonunua soko na kutuficha.